Ubingwa Ughaibuni: Ufadhili Upi Unalipa, na kwa Nani?

Agosti 2018, mamia ya madaktari wa Saudi Arabia waliokuwa wakisomea ubingwa katika hospitali za Kanada waliamriwa na serikali yao wafungashe virago. Hawakuwa wamefeli mtihani wala kumdhuru mgonjwa. Kanada ilikuwa imetoa tamko la kutaka wanaharakati waliokamatwa Saudia waachiwe. Riyadh ikamfukuza balozi wa Kanada na kuwaita nyumbani wanafunzi wake. Baadaye madaktari waliruhusiwa kubaki mpaka wapate nafasi kwingine, lakini kwa wiki kadhaa watu waliokaribia kabisa kumaliza mafunzo hawakujua kama wangemaliza.

Ufadhili wao ulikuwa mnono kupita wowote anaoweza kuuota daktari wa kwetu. Ilitajwa kuwa Saudia ililipa karibu dola 100,000 za Kanada kwa mwaka kwa kila daktari. Nchi nyingine za Ghuba, Oman ikiwemo, zimetumia utaratibu huohuo wa kununua nafasi za mafunzo kwa ajili ya madaktari wao. Hata hivyo fedha zile zote hazikumpa daktari hata mmoja uhakika wa kumaliza, kwa kuwa aliyeshika kalamu ya mkataba alikuwa mtu mwingine.

Hapo ndipo daktari wa Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo anayetafuta ubingwa nje anapaswa kuanzia hesabu zake. Ada ni kipande kimoja tu cha bei. Vipo vingine vitatu: kama utamgusa mgonjwa, kama baraza la madaktari la nchi yako litakutambua kuwa bingwa ukirudi, na mkataba utakaousaini unakufunga kwa lipi. Nauweka msimamo wangu wazi mapema: kwa madaktari wengi wa Afrika Mashariki, ubingwa wa kwanza usomwe nyumbani au nchi jirani, na fedha ya mfadhili ya kwenda mbali itunzwe kwa ajili ya ubobezi, yaani fani nyembamba ndani ya ubingwa. Wapo ambao njia nyingine inawafaa zaidi, nao nitawataja.

Kabla ya ada, uliza habari ya mikono

Upasuaji, ganzi, uzazi na moyo havifundishiki kwa kutazama. Katika programu yoyote ya maana, mwanafunzi hutunza kitabu cha kumbukumbu za kazi zake. Kila operesheni ina mstari wake: tarehe, umri wa mgonjwa, aina ya operesheni, na mwishoni safu yenye uzito kuliko zote: ulitazama, ulisaidia, ulifanya ukisimamiwa, au ulifanya mwenyewe.

Madaktari wawili wanaweza kurudi baada ya miaka miwili na vitabu vya unene uleule. Katika cha kwanza, ukurasa baada ya ukurasa umeandikwa "nilitazama". Huyo alikaa chumba cha upasuaji saa nyingi, gauni safi, mikono imekunjwa kifuani, akichungulia juu ya mabega ya waliokuwa mezani. Katika cha pili, miezi ya mwanzo ni "nilisaidia", halafu "nikisimamiwa" inaanza kuongezeka, na kufikia mwaka wa pili mistari ya "mwenyewe" ni mingi. Vyeti vyao vinaweza kufanana hata kwa mihuri. Ila usiku wa manane hospitali ya mkoa itakapompokea mjamzito anayevuja damu, tofauti yao itaonekana.

Kuna namna rahisi ya kujua mapema utakuwa nani kati ya hao wawili. Uliza: programu hii inanitaka nisajiliwe na baraza la madaktari la nchi hiyo? Kama haihitaji usajili wowote, basi jua umealikwa kutazama. Uingereza usajili huo ni wa GMC, Afrika Kusini ni wa HPCSA, na Marekani hutolewa na jimbo. Programu inayohitaji usajili husumbua zaidi wakati wa kuomba, na usumbufu huo ndio dalili yake nzuri.

Gharama ya kubaki ukanda huu

Huwezi kujua nje ni ghali kiasi gani mpaka uwe na cha kulinganishia. Shahada ya uzamili ya tiba, ile tunayoiita MMed, husomwa Muhimbili, KCMC ya Moshi, Bugando na kwingineko nchini, kwa miaka mitatu katika fani nyingi na zaidi katika baadhi ya fani za upasuaji. Ada hulipwa kwa shilingi. Mwajiriwa wa serikali aliyepata ruhusa ya masomo huendelea na mshahara wake, na Wizara ya Afya ina ufadhili unaobeba jina la Rais Samia kwa ajili ya ubingwa na ubobezi.

Njia ya pili haijulikani inavyostahili. COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilianzishwa 1999 na makao yake yako Arusha. Hakina kampasi. Unasajiliwa ukiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa, unafundishwa palepale, unaendelea kulipwa, na unafanya mtihani uleule anaoufanya mwenzako wa Lusaka au Kigali. Hatua ya kwanza huchukua miaka miwili, na ubingwa kamili wa upasuaji wa jumla huchukua miaka mitano. Hakuna ada ya chuo kikuu. Zipo za programu na mitihani. Kwa magonjwa ya ndani kuna chuo dada, ECSACOP. Kenya, hospitali za misheni kama Kijabe na Tenwek hufundisha wapasuaji kupitia mpango uitwao PAACS bila ada, kwa masharti ya imani ya Kikristo na ahadi ya kutumikia baadaye.

Faida ya kubaki ni kwamba wagonjwa ni wengi, na magonjwa unayojifunzia ndiyo utakayoyatibu maisha yako yote. Udhaifu ni vifaa vichache na uhaba wa wakufunzi katika fani nyembamba kama upasuaji wa moyo wa watoto, saratani au mishipa ya ubongo. Udhaifu huo ndio sababu ya haki ya kwenda nje.

Afrika Kusini: kazi ni nyingi, mshahara hakuna

Daktari wa kigeni anayepelekwa na nchi yake huingia Afrika Kusini kama registra wa ziada, yaani daktari anayesomea ubingwa nje ya ikama ya hospitali. Anapanga foleni moja na wenzake kwa zamu, kliniki na chumba cha upasuaji, na anafanya mitihani ileile ya vyuo vya tiba vya nchi hiyo. Mafunzo huchukua miaka minne au zaidi, na anayemaliza amefundishwa kwa kina. Lakini Afrika Kusini haimlipi hata senti. Mshahara, ada, bima, nyumba na nauli ni vya mfadhili, na kabla ya yote hutakiwa barua ya serikali yake, kibali cha idara ya taifa ya afya ya huko na usajili wa HPCSA.

Kwa hiyo ufadhili wa Afrika Kusini unaotaja ada peke yake ni mtego. Kodi ya nyumba na chakula cha Cape Town au Johannesburg kwa miaka minne vitaipita ada hiyo mara nyingi, na huwezi kutegemea zamu za kulipwa ili kuziba pengo.

Mtanzania na Mkongo wana nafuu moja ambayo wengi huipoteza kwa kutouliza. Itifaki ya Elimu na Mafunzo ya 1997 ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) inazitaka nchi wanachama ziwahesabu wanafunzi wa SADC kama wa nyumbani katika ada. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi si wanachama. Kabla ya kukubali hesabu ya chuo, uliza wamekupangia kundi gani.

Kwa madaktari wa watoto kuna mfano ambao ningependa uigwe na fani zote: programu ya ubobezi kwa Afrika ya Chuo Kikuu cha Cape Town, inayoendeshwa kwenye hospitali ya watoto ya Red Cross. Hospitali ya nyumbani ndiyo inayomchagua daktari kulingana na pengo lake, na inaahidi kumpokea akirudi. Sehemu kubwa ya waliopitia hapo wamerudi makwao, kwa kuwa kazi ilikuwa ikiwasubiri.

Uingereza: miaka miwili ya kulipwa, bila cheti cha ubingwa

Tangu 2009 Uingereza ina mpango uitwao MTI, uliobuniwa kwa madaktari wa nje wanaokuja kujifunza na kurudi. Chuo cha kifalme cha fani yako hukudhamini kwa GMC, hivyo huhitaji kufanya PLAB, mitihani ya kuwapima madaktari waliosomea nje. Kwa kawaida hospitali hukulipa mshahara kama daktari mwingine, unashika wagonjwa kikamilifu, na muda wa juu ni miezi 24. Baada ya hapo unarudi nyumbani. Mpango hautoi cheti cha ubingwa cha Uingereza. Maana yake ni kwamba MTI humfaa aliyekwisha kuwa na MMed au anayekaribia kuipata, na humpotezea muda anayetarajia kurudi akiwa bingwa kwa miaka miwili hiyo peke yake.

Gharama zake ziko mlangoni. GMC hutaka alama 7.5 za wastani katika mtihani wa Kiingereza wa IELTS, bila kushuka chini ya 7 katika sehemu yoyote, na zote kwa mkao mmoja. Halafu kuna tozo ya afya ya uhamiaji. Tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa mwaka na pauni 776 kwa mtoto, na hulipwa yote kwa mkupuo wakati wa kuomba viza. Chukua daktari mwenye mwenza na watoto wawili, kwa miaka miwili: wazazi pauni 4,140, watoto pauni 3,104, jumla pauni 7,244. Hapo hujagusa ada ya viza, usajili wala tiketi, na mshahara wa kwanza haujaingia. Ufadhili mdogo unaolipa gharama hizi za mlangoni unaweza kumsaidia daktari wa MTI kuliko mkubwa unaolipa posho, kwa sababu posho tayari anayo.

Njia ya pili ya Uingereza ni kupita PLAB, mitihani miwili ambayo ada zake kwa pamoja huzidi pauni 1,200 na wa pili hufanyika Manchester pekee, kisha kugombea nafasi za mafunzo ya ubingwa. Siwezi kumshauri mtu akope kwa ajili hiyo leo. Ushindani umekuwa mkali mno, na mpango wa miaka kumi wa huduma ya afya uliotangazwa Julai 2025 unawapa kipaumbele waliosomea udaktari Uingereza.

Marekani na Kanada: milango miwili isiyofanana

Marekani mafunzo ya ubingwa ni ajira. Mwaka wa kwanza hulipwa zaidi ya dola 60,000, na anayemaliza ana ubingwa kamili: miaka mitatu kwa magonjwa ya ndani, mitano kwa upasuaji wa jumla, saba kwa upasuaji wa ubongo. Bei iko kabla ya kuingia. Kila mmoja kati ya mitihani miwili ya mwanzo ya USMLE, mitihani ya leseni ya Marekani, hauko chini ya dola 1,000, na juu yake kuna tozo ya kufanyia nje ya Marekani, mtihani wa lugha na ada za kutuma maombi kwa makumi ya hospitali. Hakuna anayekuhakikishia nafasi baada ya kulipa vyote.

Madaktari wengi wa kigeni huingia kwa viza ya mafunzo iitwayo J-1, na hapo ndipo serikali yako inapohusika: Wizara ya Afya ya nchi yako lazima iandike barua kuthibitisha kwamba taifa linahitaji ubingwa unaoenda kuusomea. Ukimaliza unatakiwa kurudi kukaa nyumbani miaka miwili, isipokuwa upate msamaha, kwa mfano kupitia nafasi 30 ambazo kila jimbo hupewa kwa mwaka. Jambo la kuangalia kwanza sasa ni viza yenyewe: amri ya rais wa Marekani iliyoanza kutumika Januari 2026 iliwazuia raia wa Tanzania kupata viza kadhaa, J-1 ikiwa mojawapo, na Burundi iliwekewa zuio la aina hiyo tangu Juni 2025. Kenya haimo katika orodha hiyo. Mtanzania asilipe ada ya USMLE kabla ya kuhakikisha hali ya zuio hilo.

Kanada, mgeni asiye na makazi ya kudumu huingia hasa kwa mlango wa ufadhili. Vyuo kama Toronto na McGill hupokea madaktari wanaolipiwa na serikali zao, kwa ubingwa au ubobezi, na hudai barua inayotaja fedha mwaka kwa mwaka. Mafunzo ni ya daraja la juu na daktari hushika wagonjwa. Kwa serikali zetu, gharama ya daktari mmoja Kanada ingeweza kusomesha kadhaa nyumbani. Kwa hiyo njia hii ina mantiki kwa ubobezi wa mwaka mmoja au miwili usiopatikana Afrika, na kwa mtu ambaye kitengo kinamsubiri.

India, China na Ujerumani

India imewafundisha mabingwa wengi tunaowategemea leo, na gharama za maisha ni za chini kuliko zote nilizotaja nje ya Afrika. Tatizo ni kwamba hospitali moja inaweza kuwa na programu nzito yenye kibali cha tume ya taifa ya tiba na nyingine nyepesi ya kutazama, zote zikiitwa feloshipu. Omba uone kibali hicho kabla ya kutuma fedha, na zungumza na daktari wa kigeni aliyemaliza hapo.

Ufadhili wa serikali ya China hulipa ada, malazi, bima na posho ya yuan 3,000 kwa mwezi kwa ngazi ya uzamili. Kwenye karatasi unavutia kuliko wote. Darasa linaweza kuwa la Kiingereza, ila mgonjwa anaongea Kichina, na asiye na leseni ya huko hubaki pembeni. Kwa utafiti au maabara ni ufadhili mzuri. Kwa fani ya mikono, pata kwanza maandishi yanayoeleza utafanya nini wodini, na uliulize baraza la nyumbani kama litakusajili kuwa bingwa.

Ujerumani haina ada wala haihitaji mfadhili, kwa sababu daktari anayesomea ubingwa ni mwajiriwa anayelipwa kwa miaka mitano au sita. Bei yake ni lugha: kiwango cha B2 na juu yake mtihani wa lugha ya kitabibu wa kiwango cha C1. Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, ipo Dar es Salaam na Nairobi, kwa hiyo unaweza kuanza kujipima ukiwa bado kazini.

Soma mkataba kama unavyosoma faili la mgonjwa

Mambo matano yawe yameandikwa, yasiwe ya kuahidiana ofisini. La kwanza, nani analipa nini, kwa sarafu gani, na tarehe ngapi ya mwezi. Posho iliyopangwa kwa shilingi hupungua kila shilingi inaposhuka. La pili, nini kitatokea fedha ikichelewa miezi mitatu. La tatu, utatumikia miaka mingapi ukirudi, na ukishindwa unarudisha kiasi gani. Dai linalopungua kadiri unavyotumikia ni la haki, lisilopungua si la haki. La nne, likizo ya uzazi na ugonjwa, jambo linalowaumiza madaktari wanawake kila mwaka kwa kuachwa kimya. La tano, utarudi kwenye kituo gani, chenye kifaa gani.

Hilo la tano lingeweza kuokoa fedha nyingi za umma. Daktari akisomeshwa kutumia mtambo ambao hospitali yake haina, ujuzi hufifia au yeye huondoka. Na hata mtambo ukiwepo, mpasuaji peke yake hafiki mbali. Shirika la Save a Child's Heart la Israeli limekuwa likifundisha katika hospitali ya Wolfson, mjini Holon, wapasuaji pamoja na wataalamu wa ganzi na wauguzi wa wagonjwa mahututi, Watanzania wakiwemo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyofunguliwa 2015, ingekuwa jengo tupu bila timu za namna hiyo. Mfadhili anayetaka fedha yake ionekane asomeshe timu.

Nani achague nini

Kama umemaliza utarajali na huna ubingwa wowote, anza na MMed au COSECSA. Utapata mikono, cheti kinachotambulika na mshahara, na utakuwa na nguvu zaidi ya kuomba nafasi nje.

Kama una MMed na unataka kupanuka bila kumtegemea mfadhili mkubwa, MTI ndiyo chaguo langu la kwanza, mradi umeweka akiba ya gharama za mlangoni. Kama fani yako ni ya watoto, tazama Cape Town kabla ya kwingine.

Kama serikali au shirika liko tayari kukulipia ada na maisha kwa miaka minne, Afrika Kusini inakupa ubingwa kamili karibu na nyumbani. Kama wanalipia ada tu, rudi mezani mkajadiliane upya.

Kama raia wa nchi yako hajazuiwa viza, una alama nzuri na akiba yako mwenyewe, Marekani inaweza kukulipa vizuri. Ujerumani ni ya mwenye subira ya lugha.

Vyovyote utakavyochagua, kabla ya kusaini uwe na barua tatu mkononi: ya baraza la madaktari la kwenu, linalokubali kwamba mafunzo hayo yatakusajili kuwa bingwa au bingwa bobezi, ya hospitali ya nje, inayoeleza utafanya nini kwa mikono yako, na ya mwajiri, inayotaja kituo utakachorudi. Ikikosekana moja, ahirisha hata kama tiketi imelipiwa na mfadhili anakuharakisha. Mwaka mmoja wa kusubiri una unafuu kuliko miaka minne ya kusomea ubingwa ambao hakuna aliyejiandaa kuupokea, na wanaougharamia ubingwa huo mwisho wa yote ni wagonjwa wanaosafiri siku nzima kumtafuta bingwa.